Jina Lililokosekana Kwenye Uhakiki

Foleni ilianzia mlangoni mwa duka la muziki, ikapinda kona ya benki, ikaishia karibu na kituo cha mafuta. Mashabiki wa Kitasa, rapa aliyekuwa midomoni mwa kila mtu msimu ule, walikuja kununua albamu yake mpya, Mlango wa Nyuma, na kutiliwa sahihi. Katikati yao alisimama msichana mwenye gauni la bluu na daftari mkononi. Alikuwa mhakiki wa muziki wa gazeti la Jumapili, na alitaka kujua watu wanasemaje. Kuwauliza hakuthubutu, haya zilimzidi. Alitega sikio tu.

"Dada, unaandika majina ya wanaochomekea foleni?"

Aligeuka. Nyuma yake alikuwepo kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi upande mmoja.

"Naandika wanavyoisema albamu," akajibu, akitazama kola ile iliyojikunja.

"Na wewe unaisemaje?"

"Wimbo wa tano umeninyima usingizi. Ngoma inachelewa kidogo kila inapoingia, kama mtu anayesita mlangoni. Aliyeitengeneza aliwahi kumwogopa mtu."

Kijana akakuna kidevu. "Baba yake."

"Umejuaje?"

"Ni mimi niliyeitengeneza."

"Acha utani! Na unapanga foleni kununua kazi yako mwenyewe?"

"Studio kila mtu anamsifu Kitasa. Nimekuja kuwasikia watu wasionijua."

Walicheka mpaka mama mmoja akawauliza kama wanasonga au wanauza nafasi.

Wiki tatu zilizofuata simu zao hazikupoa. Kijana alikuwa akimpigia mchana kutoka studio. "Laazizi, sikiliza hii besi, useme kweli." Naye akisema kweli, kijana alilalamika, "Basi ungesema kweli kidogo kidogo!" Alimweleza pia habari za mzee wake, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye hakuwahi kukubali kwamba kugonga ngoma ni kazi.

"Analisoma gazeti lenu kuanzia jina lake hadi anwani ya kiwanda cha uchapaji," alisema. "Kwake yeye, lisiloandikwa humo halijatokea."

Mhakiki alilisikia hilo, akalihifadhi moyoni. Ndiyo maana kilichofuata kilimuuma zaidi.

Mhariri alimpa ukurasa mzima aandike kuhusu albamu ile. Kanuni ya ofisi ilikuwa moja: mwandishi mwenye uhusiano na msanii humwambia mhariri, na kazi hupewa mwingine. Lakini kusema "nina mpenzi" mbele ya wenzake wale wenye masihara! Alijaribu mara mbili, akaishia kuomba karatasi za printa. Akaandika. Alipofika kwenye midundo aya zikamtoka tamu mno, akajiona anajipendelea. Akazifuta zote nne. Alidhani amefanya haki.

Jumapili, mashabiki waliufurahia uhakiki. Redio nayo ilikuwa imeshaiita albamu ile bora kuliko zote za mwaka, ingawa mtangazaji mmoja aliona kiitikio cha wimbo wa nane kimepwaya. Lakini chini ya uhakiki mtandaoni shabiki mmoja aliuliza, "Ametaja hadi mpiga picha wa jalada. Aliyepiga ngoma yuko likizo?" Maelfu wakacheka.

Simu ikalia.

"Umemtaja mpiga picha," sauti ilisema. Hakukuwa na laazizi.

"Mpenzi, ngoja nikueleze..."

"Mzee amesoma. Ameniuliza, 'Ulisema umefanya kazi gani pale?' Nimjibu nini? Watu wa redio wasionijua wamenitaja. Wewe unanionea aibu?"

"Nilikuacha kwa sababu nakupenda!"

"Basi siku ukinichukia, uniandike."

Akakata. Siku tatu hakupokea simu. Siku ya nne mhakiki aliingia kwa mhariri, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba shingoni, akafunga mlango.

"Mama, nimevunja kanuni." Akaeleza yote akitazama kapeti.

Mhariri alishusha pumzi. "Mwanangu, haya zako zimemnyima mtu haki yake kwenye gazeti langu. Uhakiki wa wasanii anaofanya nao kazi hutaandika tena. Na hili tunalisahihisha, ukurasa wa pili. Kaa hapo uandike mwenyewe."

Aliandika. Mhariri akasoma, akakunja uso.

"'Uhusiano wa karibu' ni nini? Hata mimi na fundi wa bomba tuna uhusiano wa karibu. Kama ni mapenzi, andika mapenzi."

Jumapili iliyofuata, chini ya neno Masahihisho, gazeti lilisema: "Uhakiki wetu wa Mlango wa Nyuma haukumtaja mtayarishaji wa midundo." Jina lake likafuata, kamili, hadi la babu. "Midundo yote kumi na miwili ni kazi yake. Bila hiyo, mistari ya Kitasa isingekuwa na pa kukanyaga. Mwandishi alimwacha kwa makusudi kwa kuwa anampenda, akadhani kunyamaza ni haki. Alikosea, na anaomba radhi."

Saa nne asubuhi simu ililia chumbani kwa mhakiki. Aliipokea kabla ya mlio wa pili.

"Mzee kanipigia," alisema kijana. Sauti yake ilikuwa imelowa.

"Amesemaje?"

"Ameuliza aanze na wimbo upi. Nikamwambia wa tano. Ameuweka simu ikiwa wazi, laazizi. Wimbo mzima sijamsikia hata akikohoa. Mwisho akasema, 'Huku kuchelewa umekupima. Si bahati.' Halafu akaurudia."

Mhakiki alikaa kitandani, akalia kimyakimya.

"Nisamehe," kijana akaendelea. "Nilikukatia simu kama mtoto. Umeniandika mbele ya mji mzima, wewe unayeogopa hata kuuliza bei. Nyumbani kwenu wanajua?"

Kabla hajajibu, sauti ya mama yake ilipenya kutoka sebuleni, ikifuatwa na mchakacho wa kurasa. "Wewe binti! Hebu njoo hapa na haya mapenzi ya ukurasa wa pili!"

"Wamejua sasa hivi," akanong'ona. "Nifanyeje?"

"Mpe simu."

"Una wazimu?"

"Mpe, mpenzi. Nimechoka kukaa nyuma ya mitambo."

Alitoka, kanga imemkaa vibaya begani, akanyoosha simu bila kuinua macho. Mama aliipokea kwa vidole viwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye midundo kumi na miwili?"

"Ndiyo, mama. Na nina ombi moja tu."

Mama alimtazama bintiye, akavua miwani, akakaa kitini vizuri.

"Haya, baba. Liseme, nakusikiliza."