Maji ya Shimo na Wakwe wa Jumamosi

Katika mtaa wetu wa Kampemba, sakafu ya Mama Adolphine inajulikana. Ni ya saruji tu, kama zetu sote, lakini yeye huipaka siraji nyekundu, ile nta ya sakafu, kila asubuhi, kisha huisugua kwa kitambaa mpaka inang'aa. Ukifika kwake unavua viatu bila kuambiwa. Hata kuku wake wakikosea mlango hupita haraka haraka.

Wiki ile ya mwezi wa pili alikuwa anasugua mara mbili kwa siku. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja. Franck, kijana anayetaka kumwoa binti yake Michelle, angeleta wazazi wake kujitambulisha. Siku kama hiyo wageni huketi sebuleni na kuzungumza kwa adabu, huku macho yao yanatembea ukutani, darini na sakafuni. Adolphine alilijua hilo vizuri. Alipokwenda kumposea kaka yake, hata yeye aliangalia hivyo hivyo.

Alhamisi alfajiri ikanyesha mvua kubwa. Shimo la choo nyuma ya nyumba likajaa na kufurika, na maji yake yakaingia kwa mlango wa jikoni. Familia ilipoamka, maji sebuleni yalifika kwenye kifundo cha mguu. Yalikuwa meusi na yalinuka. Waya mrefu wa televisheni ulikuwa umelala ndani yake, na mfuko wa unga ulikuwa umelowa nusu.

Mume wake, Papa Adalbert, alipiga simu kwa watu wa vidange, wale wanaokuja na gari la kunyonya mashimo ya choo na kusafisha nyumba. Mkubwa wao, Djo, alijibu kwamba mitaa mingi inamwita, na kwamba atafika kesho saa nne asubuhi. Adalbert akaenda kazini.

Adolphine aliona aibu kana kwamba ni yeye aliyeleta mvua. Alijua kwamba majirani wakiona, Kampemba yote itajua, na kabla ya jioni habari itafika kwa akina Franck, kule mtaa wa Annexe. Labda wakwe wasingekuja tena. Basi akafunga mlango, akafunga madirisha yote, akashusha mapazia. Alichota maji kwa ndoo, miguu mitupu, akayamwaga nyuma kidogo kidogo ili yasionekane.

Saa sita maji yalikuwa yamepungua, lakini kuta zilikuwa zimelowa. Akamtuma Michelle sokoni kununua siraji mpya. Kisha akawasha makala, yaani mkaa, katika mbabula, lile jiko lake la kupikia bukari, ugali wetu, akaliingiza sebuleni ili likaushe nyumba. Usimcheke, msomaji. Wengi wetu tumefanya hivyo mvua ikizidi.

Jirani yake ni Mama Musonda. Huyu alisafisha vyumba vya wagonjwa hospitalini kwa miaka ishirini na miwili, na sasa amestaafu. Ulimi wake ni mkali, lakini moyo wake hauna kinyongo. Mchana ule alikuja kurudisha sufuria, akakuta madirisha yamefungwa. Adolphine hafungi madirisha hata mwezi wa sita, baridi inapotutetemesha sote. Musonda akabisha hodi. Sauti ya polepole ikamjibu kwamba mwenye nyumba amelala kidogo.

Tangu lini Adolphine analala mchana? Musonda akausukuma mlango.

Alimkuta ameegemea ukuta, macho mazito. Akamshika mkono, akamtoa nje, uani penye hewa. Kisha akavuta pumzi, akaingia, akafungua madirisha, akatoka na mbabula.

"Kichwa inauma?" akauliza.

"Inauma sana. Na miguu haina nguvu. Ni njala tu, sikukula."

"Haiko njala, ni makala. Makala ikiwaka mu nyumba ya kufunga, inatoa mupepe mubaya, hewa ya sumu. Ule mupepe hauonekane, hauna harufu. Muntu anasikia usingizi, analala, na halamuke tena. Ku hospitali nilifunika bantu ba vile na mikono yangu. Mbabula ni ya inje, hata mvua ikinyesha."

Adolphine akaanza kulia. Akaeleza habari ya wakwe, na aibu, na mapazia. Musonda alimsikiliza huku macho yake yako kwenye ule waya ndani ya maji. Akauliza habari ya umeme. Adolphine akasema umekatika tangu usiku, kwa hiyo hakuna hatari.

"Courant inaenda, lakini inarudiaka bila kupiga hodi," akasema Musonda.

Kwa bahati, swichi kubwa ya nyumba iko barazani, mahali pakavu. Musonda akavaa kwanza viatu vikavu. Akaishusha. Akasema kama ingekuwa imelowa, au kama angelazimika kukanyaga maji ili kuifikia, asingeigusa. Angemwita fundi wa umeme.

Baadaye akampeleka Adolphine kwenye kituo cha afya, maana moshi usioonekana si wa kuchezea. Muuguzi alimwekea hewa ya oksijeni, akakaa naye mpaka kichwa kikatulia, ndipo akamruhusu kurudi. Walipofika mtaani, umeme ukarudi. Redio zote zikalia pamoja, watoto wakapiga makofi. Nyumba ya Adolphine peke yake ilikuwa kimya. Aliutazama ule waya, akakumbuka kwamba asubuhi nzima alikuwa ndani ya maji yale, miguu mitupu. Akaketi chini, pale pale njiani.

Michelle alikuwa amesharudi na kopo la siraji. Musonda alipoliona alicheka mpaka akashika kiuno. Akawauliza kama wanataka kuupaka uchafu rangi. Kisha kazi ikaanza. Kwanza Michelle alipiga picha kwa simu, ili Djo aone maji yalifika wapi. Musonda akaleta buti na glavu alizobaki nazo tangu kazini. Adolphine alikuwa na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu. Kikaoshwa kwa sabuni na maji safi, kikafungwa, na akakatazwa kukanyaga ndani. Viti na nguo visivyolowa vikatolewa nje. Godoro lililofyonza maji yale likawekwa kando, la kutupwa. Choo hakikutumiwa tena, wakatumia cha Musonda. Kisima cha uani kikafunikwa, na maji ya kunywa yakachotwa kwenye bomba la mtaa wa juu.

Ugomvi ulitokea kwenye unga.

"Ile ya juu iko kavu," akasema Adolphine. "Ni ya bukari ya bakwe."

"Mayi ya WC inapanda mu bunga sawa vile inapanda mu nguo. Unataka bakwe bakumbuke bukari yako ku hospitali?"

Unga ukatupwa. Kila aliyepita njiani aliviona vitu vya Adolphine vimepangwa uani, na kila mmoja alisimama kumpa pole. Hakuna aliyecheka. Wawili walileta ndoo zao.

Jioni, Adolphine akachukua simu na kumpigia mama yake Franck, Mama Brigitte, kabla majirani hawajamfikia. Alimwambia yote, hata habari ya mbabula. Kisha Mama Brigitte akasema, "Tumesikia," akakata. Adolphine hakula chakula siku ile.

Ijumaa saa nne Djo na watu wake walifika. Waliziangalia picha, wakafurahi kukuta nyumba iko wazi na umeme umezimwa. Walinyonya shimo, wakaosha sakafu na kuta kwa sabuni, halafu kwa dawa ya klorini, wakatia dawa kisimani pia. Djo akasema maji ya kisima yasinywewe mpaka yapimwe, na sakafu isipakwe siraji mpaka saruji ikauke kabisa.

Kwa hiyo Jumamosi wakwe walikuta sakafu ya kijivu. Ndiyo, walikuja. Mama Brigitte alishuka kwenye gari amevaa pagne, kitenge chake kizuri, na mkononi ana bidon ya Javel, ile dawa ya klorini, na jozi ya buti. Kabla ya salamu kuisha aliingia sebuleni, akainama, akagusa sakafu kwa kiganja.

"Bado iko na mayi," akasema. "Usipake." Akainuka. "Mudogo wangu alifwa na makala, mu nyumba ya kufunga. Ile siku ulipiga simu, sikuweza kusema, nilikuwa nalia. Mama Michelle, kama ungeficha, siye tungekuya tu, tungekaa humu, na hatungejua kintu."

Wazee waliketi uani siku ile, wakala bukari ya unga wa Musonda, na mazungumzo ya ndoa yakaenda vizuri.

Harusi ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa ukavu. Asubuhi yake Mama Brigitte alifika mapema, akaingia sebuleni, akainama tena na kugusa sakafu. Kisha akafungua mkoba wake, akamkabidhi Adolphine kopo jipya la siraji nyekundu.

"Sasa iko kavu," akasema. "Paka."