Tupa ya Marehemu Gaudenzio

Noemi alipofuta meza ya jikoni baada ya chakula cha mchana, kitambaa kilitoka cheusi. Alikikung'utia mlangoni, akaona vumbi likimetameta kwenye jua hafifu la Novemba. Alilipapasa kwa kidole, likamchoma. Ulikuwa unga wa chuma.

"Ermete! Umeanza tena kuchonga machuma yako juu ya meza yangu?"

"Mimi? Bastola iko kabatini. Sijaigusa tangu niilete."

"Basi ni mimi."

Ermete hakujibu. Alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, mtu wa maneno mengi na vicheko, na kunyamaza hakukuwa kawaida yake. Noemi alimtazama kidogo, kisha akarudi kusugua sufuria ya polenta, ule ugali wao wa mahindi.

Bonde lao, huko juu ya mji wa Brescia, limeishi kwa kutengeneza bunduki tangu enzi za mababu. Humo ndimo zinamotengenezwa zile bastola za kuiga za kale, ambazo mtu hujaza baruti nyeusi kwa mkono, akashindilia risasi ya mviringo kwa wenzo ulio chini ya mtutu, akarudia hivyo kila tundu mpaka silinda, ile sehemu ya risasi inayozunguka, imejaa. Ermete alizipenda kuliko alivyopenda kula. Lakini pensheni yake ilikuwa ndogo, na ya kwanza aliyonunua ilikuwa ya fremu ya shaba, rahisi, inayong'aa kama pambo la farasi. Misimu michache tu ya kulenga shabaha ikailegeza, silinda ikawa inacheza kama jino bovu.

"Ermete, ifunge ng'ombe shingoni hiyo kama kengele," walimtania wenzake wa klabu ya shabaha. "Angalau tutajua amepotelea wapi."

Alicheka nao. Akifika nyumbani hakucheka. Alitaka ya chuma, iliyotengenezwa na mtu anayejua kazi, na kila aliyoipenda dukani ilimpita uwezo.

Ndipo aliposikia kwamba Santina anauza bastola ya marehemu mumewe. Gaudenzio alikuwa fundi wa kumalizia: viwanda vilimletea vipande vikiwa bado na makovu ya mashine, yeye akavipatanisha kwa tupa. Katika miaka yake ya mwisho alikaa nyumbani akajitengenezea moja yake mwenyewe, taratibu, kila siku kidogo.

Ermete aliishika pale sebuleni kwa Santina, akavuta nyundo polepole huku ametega sikio. Silinda ilizunguka ikajifunga mahali pake nyundo ilipofika mwisho, si kabla, si baada. Alijaribu kuitikisa kwa kidole gumba; haikutikisika. Aliigeuzia dirishani. Mwanga uliopita kati ya silinda na mtutu ulikuwa mwembamba kama unywele, sawasawa juu mpaka chini. Akaichomoa kabari iliyoshikilia mtutu, ikatoka kwa kusukumwa na kidole tu.

"Ni nzuri?" Santina aliuliza. "Mimi sijui kitu, bwana Ermete. Yeye alisema hajawahi kufanya kazi nzuri kama hiyo."

Ermete alikusudia kusema kweli. Lakini mdomo ukamtangulia.

"Mama Santina, nisikufiche. Unaona hapa, mbele ya silinda? Pamepinda. Haikai sawa na mtutu. Fundi alikosea. Ni ya kutundika ukutani tu."

Uso wa mjane uliiva. Hakumwonea aibu mnunuzi. Alimwonea aibu mumewe.

"Macho yake yalikuwa yanaisha," alisema kwa sauti ndogo. "Maskini, kumbe alikuwa ananificha." Akakubali bei ya kitu cha kutundika ukutani. Akaomba na radhi. Akamfungia Ermete na kipande cha keki ampelekee Noemi, na kile kipande Ermete alikila peke yake garini, kwa haraka, kama mwizi.

Hayo ndiyo aliyoyanyamazia mkewe alipoulizwa kuhusu unga wa chuma.

Siku iliyofuata, saa ile watu wa bondeni wanapojinyoosha baada ya chakula, sauti ilianza. Kri. Kri. Kri. Ilitokea jikoni, na pamoja nayo ikaja harufu ya mafuta ya mashine, na nyuma ya mafuta harufu ya baruti iliyoungua, ule uvundo wa mayai yaliyooza, ijapokuwa ile bastola haikuwa imepigwa hata mara moja ndani ya nyumba ile.

"Unasikia?" Noemi alinong'ona.

"Ni bomba."

"Bomba halinuki baruti."

Waliinuka, wakatembea wakijibanza ukutani kama watoto wanaojificha, na walipochungulia jikoni ukungu ulikuwa umeziba dirisha lote na mwanga umekuwa wa kijivu, na mezani, akiwa amewapa mgongo, alikuwa ameketi mtu mwenye ovaroli ya buluu, mabega yameinama, kichwa kimezama katikati ya mabega, na mkono wake wa kulia ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, bila haraka, mpaka akasimama kidogo, akainua bastola kwenye dirisha, akaikagua pale pale mbele ya silinda ambapo kidole cha Ermete kilikuwa kimeelekeza, akatikisa kichwa kwa uchungu kama mwanafunzi aliyerudishiwa kazi yake mbele ya darasa, kisha akainama tena juu ya tupa.

Noemi alimshika mumewe mkono mpaka kucha zikaingia.

"Anafanya nini?"

"Anarekebisha."

"Anarekebisha nini?"

Ermete alijaribu kuuchomoa mkono.

"Ermete. Anarekebisha nini?"

"Kasoro."

"Kasoro gani?"

"Haipo," alisema Ermete. "Haikuwepo."

Ukungu ulipopungua kiti kilikuwa kitupu. Bastola ilikuwa mezani, imezungukwa na unga wa chuma, na mwanya uliokuwa mwembamba kama unywele sasa uliingiza ukucha. Ermete alimweleza mkewe yote, hata habari ya keki. Noemi hakumgombeza. Alihamisha mto wake kwenda kulala chumba cha mbele, na hilo lilimuuma zaidi.

Aliifungia bastola ndani ya gari. Mchana tupa ikalia garini, na jirani akauliza anachonga nini. Akaipeleka kwenye banda la kuni. Tupa ikalia bandani. Kila alipoitazama, chuma kilikuwa kimeliwa zaidi. Kazi bora ya maisha ya mtu ilikuwa inaharibiwa na mikono ile ile iliyoitengeneza, na Ermete hakuweza kumsogelea hata amwambie basi, inatosha.

Noemi ndiye aliyemwita bibi Orsola, mwanamke wa mlimani anayewaponya watu walioungua moto au kupatwa na hofu kwa kuwawekea ishara ya msalaba kwa kidole gumba. Bibi alikaa jikoni na rozari yake wakati tupa ikilia, hakuogopa. Ilipokoma, alijifuta machozi.

"Mizuka mingine nimeifukuza kwa maji ya baraka na matusi," alisema. "Huyu siwezi. Hakuja kuwadhuru. Ameona aibu mpaka kaburi limemkataa. Nani kamwambia kazi yake ni mbovu?"

"Nilimwambia mkewe," Ermete alisema, akitazama sakafu.

"Na mkewe kaenda kumwambia yeye. Wajane huongea makaburini, hujui? Nenda naye, mwanangu. Ukaseme ulichofanya."

Santina alimsikiliza Ermete akikiri yote, akiwa amesimama, mikono ndani ya aproni.

"Nilimgombeza," alisema hatimaye. "Nilisimama pale na maua yangu nikamwambia, Gaudenzio, kwa nini ulinidanganya, kwa nini ulijisifu. Nilimwambia ameniaibisha mbele ya mgeni." Akavaa koti. "Twende."

Makaburini palikuwa na watu wakiondoa maua ya krisantemamu yaliyonyauka tangu Siku ya Wafu, na miongoni mwao wawili wa klabu. Waliposogea kumsalimia Ermete, ulimi ukamwia mzito. Aliinama juu ya jiwe kama anayesoma maandishi.

"Gaudenzio," alinong'ona, "bastola yako haina kasoro. Aliyeinunua alisema uongo ili aipate rahisi."

Alishindwa kusema *mimi*. Santina alimtazama, kisha akafuta jiwe kwa kiganja.

Ermete alimrudishia bastola, na bahasha yenye bei yake ya haki. Bahasha Santina aliisukuma, bastola akaipokea. Nyumbani kimya kikarudi. Mchana ulipita, na mwingine, bila harufu wala sauti. Noemi alirudisha mto wake. Ermete akaanza tena kupiga mluzi, na alijiambia kwamba, kwa kweli, alikuwa amekiri. Maneno yalikuwa yale yale, lilikosekana jina tu; mtu asidai mno.

Kisha mchana mmoja wa ukungu mlango ukagongwa. Alikuwa Santina, amejifunga kitambaa kichwani, uso mweupe.

"Alikuja kwangu jana," alisema.

"Na tupa?"

"Tupa ameiweka chini. Aibu imemtoka, bwana Ermete. Ameketi kitini kwake wima, kama enzi za ujana wetu. Aliishika bastola akapitisha kidole pale alipopaharibu. Akapitisha tena." Akavuta pumzi. "Sijawahi kumwona na uso ule."

Ermete alishika fremu ya mlango. "Anataka nini sasa?"

"Ananiuliza aliyeinunua ni nani."

"Na wewe... ulimwambia nini, mama?"

"Ulitaka nimdanganye tena?" Santina hakuingia ndani. Alisogea pembeni, taratibu, akiacha njia wazi. "Nimetangulia tu, ili Noemi asishtuke."

Nyuma yake, ndani ya ukungu, lango dogo la bustani ambalo Santina alikuwa amelifunga lilifunguka.