Maji Chini ya Kitanda cha Bibi

Kila Jumamosi asubuhi nilimpelekea Bibi Stefania chai. Chumba chake kilikuwa chini ya ardhi, chini ya nyumba yetu, kama vyumba vya wazee wengi hapa Winnipeg, Kanada. Alikipenda kwa joto lake, na mitungi yake ya kabichi ya kuchachushwa ilikuwa papo hapo karibu.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, theluji ikiyeyuka juu ya paa, nilikanyaga zulia lake. Chwa! Soksi zikalowa. Maji yalikuwa yakichuruzika ukutani hadi chini ya kitanda.

"Darka, mwite baba yako," alisema Bibi huku akikohoa.

Baba alipapasa ukuta, akatikisa kichwa. "Msingi umepasuka huu. Lazima tuchimbe kuizunguka nyumba yote. Mama, na hicho kifua chako, itabidi uhamie kwa dada yangu, kule mbali mjini Saskatoon."

"Mpaka lini, Petro?"

"Sijui, Mama. Pengine moja kwa moja."

Bibi alianza kukunja shali zake moja moja. Jamani, roho iliniuma! Kwa sababu mimi nilijua.

Kabla ya theluji kuanguka, sisi hung'oa kipande cha mwisho cha bomba la maji ya paa, kisivunjwe na sepetu za kuzolea theluji. Theluji ikianza kuyeyuka, hurudishwa ili maji yamwagike mbali na ukuta. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Wiki mbili nyuma Baba aliponiuliza, nilijibu, "Nimesharudisha," nikakimbia zangu kwenda kuteleza kwenye barafu.

"Baba, ni mimi," nilisema. "Bomba sikulirudisha. Nilikudanganya."

Baba alinikodolea macho. "Wiki mbili nzima! Haya, twende nje."

Kweli, maji yote ya paa yalikuwa yakimwagika mguuni pa ukuta wa Bibi. Nilirudisha bomba. Baba alishindilia udongo ukutani, ukaelekeza maji uani, kisha akaziba ufa, ambao ulikuwa mwembamba tu. Siku ya nne ukuta ulikuwa mkavu. Hakuna aliyechimba, wala aliyehama.

Bibi alizirudisha shali kabatini. Nilimkumbatia nikilia. "Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe zamani. Na asante, mjukuu wangu. Ungenyamaza, leo ningekuwa Saskatoon nikiwakumbuka." Alinifuta machozi kwa kiganja chake. "Ila siku nyingine ukikosea, sema mapema, kabla maji hayajafika kitandani kwa mtu."