Jiwe la Waialeale

Shemeji yangu Mahfudh, baharia, alirudi nyumbani Changamwe na manukato ya mkewe, dadangu Wardah, saa yangu mimi, na jiwe jeusi lenye ukubwa wa ngumi. Jiwe alilitoa Hawaii, kwenye mlima uitwao Waialeale.

"Huko mvua hainyamazi, Nadira," aliniambia tukinywa kahawa. "Wenyewe wamezipa mvua zao majina, kama watoto. Na hilo jina la mlima, ati ni maji yanayotikisika. Hupandi hivi hivi. Wasimama chini, wapiga hodi kwa lugha yao, wangoja uruhusiwe."

"Nawe ulipiga?"

Alicheka. "Mlima una mlango?"

Jiwe likawekwa sebuleni kuzuia mlango usijifunge kwa upepo.

Wiki ile ile mvua ikaanza kunyesha juu ya bati la Wardah peke yake. Saa kumi za alasiri, jua kali, nguo zake zarowa kambani, za jirani yake Kanze zimekauka. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamshuku Kanze kwa uchawi, waziwazi. Salamu nikamnyima, na chapati alizotuletea nikawatupia kuku.

Siku ya sita alikuja mwenyewe.

"Mwanichukia bure," alinong'ona. "Kila mvua hiyo ikinyesha nasikia hodi hapa kwenu. Wardah aitikia karibu, yuko jikoni. Mimi huchungulia. Wallahi simwoni mtu."

Wardah alikaa chini. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Huitikiwa kwanza, hutazamwa baadaye. Akatwambia alichokuwa akituficha. Kila siku alikuta nyayo za maji sakafuni: kwanza kizingitini, kisha sebuleni, na jana mlangoni mwa chumba alimolala Mahfudh, mgonjwa wa homa siku ya nne. Nyayo ziliingia tu. Hazikutoka.

Niliona haya mbele ya Kanze, nikashindwa hata kumwomba radhi.

Tulipata baharia wa kulirudisha jiwe, aondoke Jumamosi. Mpaka siku hiyo, tukaapa, hakuna kuitikia hodi.

Ijumaa nilikuwa jikoni na Wardah, nachambua mchicha. Bati likaanza kulia.

"Hodi."

Sauti ya upole, ya mtu aliyelelewa vizuri. Wardah aliziba mdomo kwa kanga.

"Hodi."

Nilimshika Wardah mkono.

"Hodi."

Mgeni mwenye adabu hupiga tatu, akaenda zake. Tulingoja. Ya nne haikuja. Nikashusha pumzi.

"Hodi, Nadira."

Mlango wa uani, nyuma yangu. Sauti ya Kanze. Kwa aibu ya yale niliyomtendea, nikaitikia mbio: "Karibu, Kanze!"

Kisha nikatazama dirishani. Kanze alikuwa ng'ambo ya ua, anaanua nguo zake.

Chumbani Mahfudh alitamka neno moja kwa lugha nisiyoijua. Tulikimbia. Kitanda kilikuwa chapachapa, nondo za dirisha nzima, na mtu hayumo. Sebuleni, jiwe halikuwepo.

Ni miezi minane sasa. Wardah hasemi nami, na simlaumu. Nimehamia Kisauni, naishi peke yangu.

Jana alasiri, jua likiwaka, bati langu lililia.

"Hodi, shemeji."

Nililia, lakini sikuitikia. Leo asubuhi nilipotaka kutoka, mlango ulikataa kufunguka. Ulizuiwa na jiwe jeusi, limelowa.

Lilikuwa upande wa ndani.