Nimepata Mwingine

"Hivi wewe binti, utaolewa na hiyo mitungi?" Jirani muuza vitambaa alimuuliza hivyo siku moja binti muuza vizima moto, naye akacheka tu, akaendelea kufuta vumbi. Mungu hana haraka wala hachelewi. Wiki ileile akaingia mpishi wa meli, shati jeupe limenyooshwa mpaka linakata, akataka mtungi wa kuzimia moto, wa maji, kwa ajili ya jiko lake.

"Wa maji?" binti akamuuliza. "Mafuta yakishika moto ukayamwagia maji, utapikwa wewe."

Akamchagulia wenye dawa inayofunika mafuta mpaka yapoe, mrefu, mzito, na mdogo wa gesi kwa moto wa umeme. Mpishi alisikiliza kama mwanafunzi. Kesho yake akarudi kuuliza utundikwe wapi. Keshokutwa akapiga simu kuuliza kama binti amekula. Mwezi haujaisha walikuwa wanaitana mpenzi, na mpishi akaomba ruhusa ya kujitambulisha kwa mama kabla meli haijaondoka Jumamosi. Binti alisema atamjibu. Moyo wake ulishajibu zamani.

Jumatano ukaingia ujumbe: "Nisamehe mpenzi. Nimepata mwingine. Mfupi, mwepesi, mzuri kuliko wa kwanza."

Yeye alikuwa mrefu, na mwili Mungu alimjalia. Akazima simu. Alipiga magoti akaomba asimlaani mtu, kisha akarudi dukani, macho mekundu kama bidhaa zake.

Ijumaa mpishi akaingia anahema, mtungi mrefu begani. Alisema amepiga simu mpaka kidole kimeota sugu.

"Huyo mwingine hajambo?" binti akauliza bila kumtazama.

"Mtungi nao huulizwa hali?"

"Mtungi?"

"Tumeukuta stoo ya meli. Huu wako ni mrefu mno, mlango wa jiko unaugonga kila ukifunguka." Akamtazama vizuri. "Kumbe ulidhani mwanamke?"

Binti alicheka mpaka akashikilia meza. Halafu, kazi ni kazi, akauliza huo mfupi una dawa gani.

"Ileile ya mafuta. Nimesoma maandishi mara mbili, mwalimu wangu mkali." Akautua mtungi taratibu. "Na jibu langu je?"

Binti alikiweka sawa kitambaa cha kichwani, ambacho hakikuwa na kasoro.

"Mama yupo nyumbani saa hizi," akasema. "Geti la kijani."

Mpishi alinyoosha kola, akatoka, na nje hakushika njia ya bandarini.