Mchoro wa Mwisho wa Mama Nyuzi

Asubuhi katika chumba cha ushonaji ilianza kwa kelele za cherehani na kelele za Mama Nyuzi, na mara nyingi Mama Nyuzi ndiye aliyeshinda. Alikuwa mwembamba, lakini sauti yake ilijaa chumba kizima. Hakuna mteja aliyepita mlangoni bila kutaniwa. Aliyetaka shuka za harusi aliulizwa kama bwana harusi amekwisha patikana. Aliyelalamika kuwa gauni linambana aliambiwa gauni halijabadilika, akaitazame sahani yake.

Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu vipande vya nyuzi vilimganda kila mahali, hata kwenye nywele. Alifanya kazi na binti yake wa pekee. Huyo walimwita Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake. Babake Kidoti alikuwa amefariki zamani. Kidoti alishona nguo kwa cherehani ya kawaida. Mama alidarizi kwa cherehani kubwa ya umeme, iliyopokea michoro kutoka kwenye simu yake.

Michoro yote aliichora mwenyewe kwa kidole, ameinamisha kichwa, ncha ya ulimi imetoka pembeni. Akimaliza, aliituma kwenye cherehani, na sindano ikaanza kulishona ua lile lile alilolichora. Hakukubali ua moja litumiwe na watu wawili. Alisema mtu akilipa apate lake, si la jirani.

Siku cherehani iliponunuliwa, muuzaji aliweka programu ya kuchorea kwenye simu ya Mama Nyuzi. Yalitokea maandishi marefu, na chini yake kitufe kilichosema "Nakubali". Muuzaji alisema hiyo ni leseni tu, inahuishwa kila mwaka, kila mtu hubonyeza. Mama Nyuzi akabonyeza kama anayefukuza nzi. Hakuna aliyesoma hata mstari mmoja.

Baadaye Mama Nyuzi aliugua. Ugonjwa ulimshika polepole, kisha ukamshika kwelikweli. Wakati huo Kidoti alikuwa na mimba ya kwanza, na mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. Mama alinunua kitambaa cheupe cha blanketi la mtoto. Akawa anachora kitandani, simu imesimama kifuani, ameigeuza ili binti asione.

"Mama, nionyeshe," Kidoti alisema.

"Nikikuonyesha utaanza kunifundisha. Utauona ukiwa kwenye blanketi."

"Basi niambie tu. Ni ua au ni ndege?"

"Ni wa mjukuu wangu. Wewe yakuhusu nini?"

Alicheka mpaka akakohoa. Kidoti hakumsikia akicheka tena. Mama Nyuzi alifariki wiki ile ile, na blanketi likabaki limekunjwa kabatini, jeupe, halina kitu.

Baada ya mazishi, jamaa waligawana vitu vya marehemu. Kidoti alibaki na cherehani. Simu alipewa Mjomba, kaka wa marehemu, kwa kuwa yake ilikuwa imepasuka kioo. Kidoti aliridhia bila neno. Alijua mchoro wa blanketi upo, na aliamini umo ndani ya cherehani. Si ndiyo inayoshona?

Alipopata nguvu za kurudi kazini, kitu cha kwanza alichofanya ni kulitoa blanketi kabatini. Alilibana vizuri kwenye fremu, akawasha cherehani. Kwenye kioo chake yakatokea maneno: "Leseni imekwisha. Ingia kwenye akaunti yako." Kidoti alibonyeza hapa na pale. Cherehani iliendelea kumwambia maneno yale yale. Hata michoro ya zamani, ile aliyokuwa ameiona kwa macho yake ikishonwa, ilikataa kufunguka.

Akafunga chumba, akaenda kwa Mjomba.

Mjomba alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache na mikono mizito. Kidoti alimkuta kazini, anajenga ukuta. Kidoti alimweleza kuwa anataka simu ya mama kwa muda mfupi tu, kuna kitu anakitafuta. Mjomba akaosha mikono, akaitoa simu mfukoni. Alikuwa ameifunga kwa kitambaa safi.

"Chukua, mwanangu. Lakini humo hamna kitu. Nilifuta vyote."

"Vyote vipi, Mjomba?"

"Picha, ujumbe, kila kilichokuwemo. Nilisema dada yangu ameshaondoka, si vizuri mtu achungulie maneno yake. Hata mimi sikuchungulia. Nilibonyeza nikiwa nimetazama pembeni."

Kidoti aliuliza kuhusu laini ya simu. Mjomba alisema aliivunja kadi vipande vipande, matapeli wasije wakalitumia jina la marehemu. Aliyasema hayo kwa utulivu wa mtu aliyetimiza wajibu wake.

Kidoti alitaka kukasirika, akashindwa. Angemkasirikiaje mtu aliyemheshimu mama yake kiasi hicho? Machozi yakamtoka. Ndipo alipomweleza Mjomba habari za mchoro wa blanketi. Mjomba aliketi juu ya mfuko wa saruji, akabaki anaitazama ile mikono yake.

"Basi nimemzika dada yangu mara mbili," alisema.

Kidoti aliondoka moyo umevunjika. Alipita kwa muuzaji wa cherehani. Muuzaji hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Alisema namba ya siri ya kuingilia hutumwa kwenye laini ya mwenye akaunti, na kama laini haipo, dawa ni kufungua akaunti mpya. Kampuni ya simu nayo ilimwambia laini hairudishwi ila mwenyewe afike. Mwenyewe angefikaje?

Siku iliyofuata Kidoti alisimama mbele ya cherehani, akafuata maelekezo ya muuzaji. Shule moja ilikuwa inasubiri beji za sare, na mchoro wa beji ulikuwa wa mama pia. Alikuwa amechoka kubembeleza chuma. Kitufe cha "Nakubali" kilipotokea, alinyoosha kidole.

Wakati huo huo jirani yao aliingia kuchukua mapazia yake. Huyu alikuwa mkutubi wa maktaba ya mtaani, mama wa makamo, rafiki wa marehemu. Alipoona kidole kimenyooka, aliuliza Kidoti anakubali nini.

"Sijui, mama. Wanasema nikubali ndipo nianze upya."

"Soma kwanza. Nisomee na mimi nisikie."

Kidoti akasoma polepole. Maandishi yalisema kwamba cherehani ikiandikishwa kwenye akaunti mpya, itaacha akaunti ya zamani, na michoro yote iliyohifadhiwa huko itafutwa kabisa. Aliposoma neno la mwisho, mkono wake ulikuwa bado umenyooka. Aliurudisha kifuani. Kisha akaketi, akalia kama aliyefiwa asubuhi ile.

Mkutubi alimwacha alie. Alisogeza mapazia, akaketi karibu naye.

"Cherehani hii ni yetu," Kidoti alisema. "Mama aliinunua kwa jasho lake. Wananifungiaje kitu changu?"

"Cherehani ni yenu, hilo hakuna wa kulipinga. Lakini programu hamkuinunua. Mlipewa ruhusa ya kuitumia kwa muda. Hiyo ruhusa ndiyo leseni. Ni kama chumba cha kupanga. Muda ukiisha, mwenye nyumba anaweza kubadilisha kufuli."

"Na michoro?"

"Michoro ni vyombo vya mpangaji. Mwenye nyumba hana haki ya kuvifanya vyake. Lakini vimo ndani, na mlango umefungwa. Inabidi tubishe hodi, tena kwa maandishi."

Kisha akamweleza yaliyowapata wao maktabani. Walikuwa na vitabu vya kusoma kwenye kompyuta. Walidhani wamevinunua. Mkataba ulipokwisha, vitabu vikatoweka kwa kufumba na kufumbua. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi viatu, aliyekuwa amebakiza sura ya mwisho. Alikuja kila jioni kuuliza kama kitabu kimerudi. Hakikurudi, na baadaye yule mzee naye akaacha kuja. Mkutubi alisema tangu hapo hubonyeza "Nakubali" kwa shingo upande, na hasomi mistari miwili mitatu akaishia hapo.

Wakaanza kazi. Mkutubi alitafuta mkataba wa ile programu kwenye simu yake, wakausoma wote wawili, neno kwa neno. Kwa bahati kulikuwa na sehemu iliyoeleza la kufanya mwenye akaunti akifariki. Ndugu wa karibu angeweza kuomba kazi zake. Kidoti alipiga picha cheti cha kifo na risiti ya cherehani. Mjomba alikuja na nguo zake za kazi, akaandika kwa mkono wake kwamba yeye ni kaka wa marehemu na kwamba Kidoti ndiye binti ambaye marehemu alimzaa. Aliandika polepole, akibonyeza kalamu kama mwiko.

Jibu la kwanza la kampuni lilikuja upesi, na halikuwa na maana. Liliwaambia waingize namba iliyotumwa kwenye simu ya mwenye akaunti. Mkutubi alisema hilo limejibiwa na mashine, lisiwakatishe tamaa. Wakaandika tena, safari hii kwa ufupi: mwenye akaunti amefariki, tunaomba mtu, si mashine, asome ombi letu. Huku wakisubiri, Kidoti alishona beji za shule kwa sindano ya mkono, akiiga beji ya zamani. Vidole vilimvimba. Tumbo lake lilikuwa kubwa, na kukaa kulikuwa taabu.

Hatimaye mtu akalisoma. Kampuni ilitoa pole, ikafungua akaunti. Michoro ikaanza kushuka kwenye kompyuta ya maktaba. Maua ya wateja yakaja, beji ya shule, ua la gauni la harusi la Kidoti mwenyewe. Kidoti alikuwa analia na kucheka. Mjomba alisimama nyuma ya kiti, akiungoja ule wa blanketi.

Mchoro wa blanketi ulikuja mwisho, na haukuwa mchoro. Ilikuwa picha ndogo, saizi ya ukucha. Mkutubi alisoma maelezo, kisha akawaeleza. Mama Nyuzi hakuwa ameukamilisha wala kuuhifadhi. Mchoro wenyewe ulikuwa ndani ya simu tu. Kilichofika kwenye akaunti ni kivuli chake.

Walijaribu kuikuza ile picha. Kila walipoikuza, ilizidi kuwa ukungu. Upande wa kushoto lilionekana tawi lenye majani. Juu ya tawi palikuwa na kitu cha mviringo. Upande wa kulia haukuonyesha lolote.

"Ni ndege," Mjomba alisema.

"Labda ni ua ambalo halijafunguka," alisema Mkutubi.

Kidoti aliendelea kuitazama ile picha. Alikuwa amemuuliza mama yake swali hilo hilo, na mama alikataa kujibu. Sasa hakubaki wa kujibu. Uchungu aliousikia hapo ulikuwa mkubwa kuliko ule wa siku ya mazishi, kwa sababu siku ya mazishi alikuwa bado na kitu cha kusubiri.

Maisha yakaendelea, lakini chumba cha ushonaji kilibadilika. Kidoti alilipia leseni kwa jina lake, na safari hii aliusoma mkataba wote kabla ya kubonyeza. Alimwandikisha mumewe kuwa mtu wa pili kwenye akaunti. Kila mchoro unapokamilika, huutoa nje ya programu, katika aina ya faili ambayo cherehani yoyote ya kudarizi inaweza kuisoma. Nakala moja hukaa kwenye chumba cha ushonaji. Nyingine hukaa kwa Mjomba, kwenye flashi ndogo aliyoifunga kwa kitambaa safi. Mjomba haifungui. Huja kuichukua na kuirudisha, na kila akija huuliza kama kuna kipya cha kutunzwa.

Faida yake ilionekana. Kampuni ile ilikuja kusimamisha programu yake ya zamani, na mafundi wengi wakabaki mikono mitupu. Kidoti alitumia programu nyingine, akafungua faili zake, kazi ikaendelea. Mafundi wenzake walikuja kuuliza amefanyaje. Aliwaeleza bila kuficha. Aliwaambia pia kwamba mtu akifiwa, asifute simu ya marehemu wala kuivunja laini kabla jamaa hawajakaa na kuulizana ndani yake mna nini. Hilo alilisema mara moja tu, na alilisema Mjomba akiwa hayupo.

Kabla programu ile haijasimamishwa, mtoto alizaliwa salama, wa kike. Kidoti alikataa mashine iijaze ile picha kwa kubahatisha. Alilidarizi blanketi kwa mkono, akafuata kilichoonekana, si zaidi. Alishona tawi, majani, na kile kitu cha mviringo ambacho hakuna aliyejua ni nini.

Mkutubi alipokuja kumwona mtoto, alilitandaza blanketi magotini, akalitazama kwa muda mrefu. Akauliza kwa nini upande wa kulia umebaki mtupu.

"Huko ndiko kidole cha mama kilikokuwa kinakwenda," Kidoti alisema. "Mimi sijui ni wapi."

Akamfunika mtoto, upande ule mtupu ukaja juu.