Kilichofungiwa Chini ya Mlango

Gari likipigwa rangi mpya linanuka rangi. Hilo hata aliyekimbia darasa la tatu analijua. Sasa gari la Koki lilinuka maziwa. Maziwa ya mtoto mchanga, yale yanayobaki kwenye kanga ya mama mpaka yachache. Lilikuwa limeshinda juani, milango wazi, rangi nyeupe bado inanata kidoleni, lakini ukiingiza kichwa unapigwa na harufu ya chumba cha mzazi.

"Shemeji kamwaga nini humu?" Nyundo aliuliza.

"Shemeji yako hajakanyaga humu. Na wewe acha kunusanusa mali za watu kama paka."

Koki alikuwa fundi bomba, ndiyo maana ya jina lake. Nyundo alikuwa mdogo wake, tumbo moja, fundi wa bodi za magari. Miaka tisa Koki alibeba mabomba begani, akikata kona watu wanainama wasigongwe. Wenzake walimwita Punda, ila hilo tulimeze hapa hapa. Kisha akaokota hilo gari nyuma ya ghala moja, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva, na Nyundo akalifanyia kazi miezi miwili: akakwangua kutu, akabandika bati, akapaka puti, akasugua msasa mpaka kucha zikaisha. Maana mwenye jengo la ghorofa nne alikuwa amemwambia Koki mbele za watu, "Nataka fundi mwenye gari. Wenye mabega ninao." Kazi ya mabomba ya jengo zima, kuanzia Jumatatu. Koki tangu siku hiyo akawa anatembea kama ameshaajiri watu.

Harufu ilianza Jumamosi. Mchana huo binti wa Koki, mwenye miaka sita, alikaa jikoni kando ya sufuria inayoungua, moshi mweusi, na hakukunja hata pua.

"Wewe, husikii harufu?" mama yake alifoka.

"Harufu gani, mama?"

Jua lilipofika utosini, chini ya mlango wa gari kukaanza mlio. Mwembamba, wa kukwama, kama kitoto cha paka kilichofungiwa kabatini. Nyundo akainama kuchungulia, na ndipo alipoona vumbi. Matone ya maziwa yalikuwa yamelizunguka gari, tone baada ya tone, mzunguko baada ya mzunguko, kama mtu aliyezunguka kutwa nzima akitafuta pa kuingilia. Nyayo hazikuwepo.

Jumapili asubuhi binti aliitwa mara saba, hakugeuka. Mama yake alipiga makofi sikioni kwake. Mtoto akatabasamu tu, akauliza mbona leo kumepoa hivi.

Nyundo alimfuata mganga, mwanamke mmoja mnene, mkali, aliyefika akilalamikia magoti. Hakufungua hata mkoba. Alilaza sikio kwenye bati, akasikiliza, akasimama akijikung'uta.

"Nani kachomelea hapa?"

"Mimi," Nyundo alisema.

"Ulipiga hodi?"

Mafundi wa bodi wana mwiko wao: chuma chenye uwazi ndani hakifungwi hivi hivi. Kinagongwa mara tatu, kinasubiriwa, panya atoke, nyigu watoke, na asiyeonekana naye atoke. Siku ya kufunga lile boksi refu la chuma linalopita chini ya mlango, saa sita kamili, Nyundo aliinua spana agonge, na Koki akamcheka: "Funga bwana! Unambishia hodi nani, kutu?" Nyundo naye akacheka. Akafunga.

"Sikugonga, kaka," alinong'ona sasa. "Ulinicheka, nikaona haya. Sikugonga."

Koki alimgeukia mganga. "Mama, si ufukize ubani tu, litoke?"

"Litokee wapi, mwanangu? Hakuna wa kufukuzwa. Mmemfungia mwenzenu mwanawe. Naye anamfunga wa kwenu, mlango mmoja baada ya mwingine. Pua. Masikio. Umebaki mdomo. Kateni leo hii."

"Leo?" Koki alishika kichwa. "Nikikata leo mlango haufungi, rangi inaungua, kesho naenda na nini? Na bega?"

"Baba watoto," mkewe alisema polepole, "huyu ni mwanao."

"Kwani nahangaika kwa ajili ya nani? Siku moja tu! Wanione na gari, jioni nakata kwa mkono wangu mwenyewe."

Akatia grinda ya kukatia chuma ndani ya gari, akalifunga, ufunguo mfukoni. Ndivyo alivyo mwanaume akishapata usukani.

Jumatatu aliondoka mapema, honi mpaka mwisho wa mtaa. Mwenye jengo alilizunguka gari, akaligonga kwa kidole, akasema, "Sasa wewe fundi." Koki akavimba. Mchana mlio ulimpanda kutoka chini ya kisigino, umekonda, una kwikwi, na Koki akaongeza sauti ya redio. Alipoizima saa tisa, kimya.

Alirudi akicheka. "Limenyamaza!" alipiga kelele kabla hajashuka. "Si niliwaambia? Limenyamaza lenyewe!"

Mkewe alikuwa amekaa kizingitini na mtoto mapajani, meno ya mtoto yamebanana tangu adhuhuri, maji waliyomtilia kwa kijiko yakirudi pembeni mwa midomo, macho yamemtoka yanamwangalia kila mtu kwa zamu kama anauliza kosa lake, na Nyundo tayari ameshampokonya kaka yake ufunguo, ametoa grinda, amepiga magoti, cheche zinamrukia kifuani naye hazioni, rangi nyeupe inatokota na kuchuruzika, bati linapiga yowe, mpaka kipande kikaanguka na boksi likabaki wazi.

Ndani mlikuwa na jivu. Jepesi, kama la karatasi. Katikati ya jivu, alama ya kiganja kidogo, kidogo kuliko cha mtoto wa siku moja.

Nyundo alisubiri kilio cha yule asiyeonekana. Mama yeyote angelia. Kando yake tone moja la maziwa lilidondoka vumbini, kisha hakikusikika kitu, na ukimya huo ndio uliomsimamisha nywele za mwili.

Kule kizingitini binti alipiga chafya. Akafungua mdomo. Akasema anasikia harufu ya bati lililoungua. Mama yake akamkumbatia akilia, Koki akalia, akaapa gari litauzwa chuma chakavu, akaomba msamaha kwa mke, kwa mdogo wake, kwa hewa. Wakafanya shukrani, wakapika.

Jua likiwa bado halijazama, mama alitoka kumwita binti ale. Alimkuta ndani ya gari, amekaa sakafuni, kichwa kimeegemea nyuma mahali pasipo na kitu, kama kimelazwa kwenye paja. Nywele zake zilikuwa zinasukwa. Msuko ulijipinda, ukashuka, ukafika mwisho, mwingine ukaanza. Mikono ya msusi haikuwepo. Gari lote lilinuka maziwa mabichi.

"Mwanangu," mama yake aliita, sauti imemkauka. "Njoo ule."

Mtoto alimtazama juu mpaka chini, kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni wa jirani.

"Ahsante, nimeshiba," alisema. "Mama amenikataza kula kwa watu."